Bi Pua na Maziwa ya Bluu

Kabla hujakaa sawasawa, nikuapie kwanza. Haya ninayokusimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na kama nimeongeza hata chumvi ya kunyunyizia yai moja, basi meno yangu saba yaliyobaki yang'oke leo hii kabla ya chakula cha mchana. Nimeendesha lori la maziwa miaka thelathini na mbili. Nimestaafu na mgongo mbovu na macho mazima, na sina cha kupata kwa kumdanganya mtu.

Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa na jukwaa la saruji lenye paa la bati, mbele yake mstari wa wafugaji na mitungi yao ya alumini. Juu ya jukwaa alisimama mwanamke wa miaka hamsini na miwili, koti jeupe, buti za mpira, kitambaa kimefungwa kichwani barabara. Kazi yake ilikuwa kufungua mtungi, kugeuza kifuniko, kukipitisha puani mara moja, kisha kusema "Mimina" au "Rudi." Vipimo vingine vilikuwepo, spiriti kwenye kijichupa ya kuonyesha maziwa yaliyochacha na kile kijiti cha kioo kinachoelea kukuambia kama maziwa yametiwa maji, lakini vyote vilingoja pua iseme kwanza. Pua ikikataa, maziwa yalitiwa kijiko cha rangi ya bluu ili mwenyewe asiende kuyauza kwingine, na jina lake likawekewa alama kwenye ubao ulioning'inia ukutani, mbele ya watu wote. Alama tatu kwa mwezi, umefutwa, hupokelewi tena.

Mbele yake walimwita mama, au dada. Akigeuka, walimwita Bi Pua.

Na pua yenyewe haikuwa ya mchezo. Aliwahi kunusa kifuniko akamwambia mwenye mtungi, "Ng'ombe wako jana alikimbizwa na mbwa." Mbwa akatafutwa, akapatikana, akakiri. Siku nyingine alimwambia bwana mmoja arudi nyumbani akapatane na mkewe, kwa sababu maziwa yalinuka kukamuliwa kwa hasira. Mimi nilikuwa nikiegesha lori mita mia mbili kutoka pale, na kabla sijazima injini ananipungia mkono kuniambia gurudumu la nyuma linaungua.

Lakini jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa.

Haikufa siku moja. Ilififia, kama redio inayoishiwa betri. Ilianza mwaka hedhi ilipoanza kuruka miezi, joto la ghafla likawa linampanda kutoka kifuani hadi masikioni huku amesimama mbele ya watu, jasho linamtiririka asubuhi ya baridi, naye anasingizia mvuke wa maji ya kuoshea. Usingizi ukamkimbia. Na vifuniko navyo vikaanza kunyamaza. Anageuza, ananusa, hakuna kitu. Ni kama kunusa sahani.

Angesema. Angemwambia mtu. Badala yake alianza kutazama nyuso. Mwenye maziwa mabovu huja ameinamisha macho, au huja na maneno mengi kuliko mitungi. Bi Pua akawa anapitisha kifuniko puani kwa desturi tu, huku jicho la pembeni linampima mtu mwenyewe. Alipatia mara nyingi, na pale alipokosea, spiriti ilimfunikia aibu. Miaka miwili alikula mshahara wa pua kwa kutumia macho, na kila mtu alipomsifu alihisi ngozi ya shingo inamwasha.

Ni joto, si pua, lililompeleka kwa daktari. Daktari, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ya kubembeleza, alimsikiliza, akampima presha, akamuuliza habari za ukoo wake, kisha akamweleza tiba ya homoni. Kilichopungua mwilini kinarudishwa kidogo kidogo kwa plasta, inabandikwa chini ya kiuno na kubadilishwa mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi.

"Kuna kingine kinachokusumbua?" daktari akauliza.

"Hakuna," akasema Bi Pua.

Mumewe, fundi baiskeli, aliiona plasta akadhani mkewe amejikwaruza.

"Umeumia wapi tena?"

"Nimeumwa na umri."

"Huo hauna plasta," fundi akasema, akarudi kwenye mnyororo wake.

Wiki ya tatu joto likatulia, akalala usiku mzima kama mtoto aliyenyonya akashiba. Wiki ya nne akapita sokoni, akashika nyanya, na nyanya ikanuka. Ikanuka nyanya, shina lake, udongo wake, mkono wa aliyeichuma. Akasimama pale katikati ya watu machozi yanamtoka, muuzaji akadhani analilia bei, akampunguzia. Nyumbani alinusa grisi ya mumewe, kabati la nguo, sabuni ya kufulia, mvua kwenye saruji. Alicheka peke yake jikoni. Pua yake imerudi, na hakuna aliyejua kama ilikuwa imeondoka. Alihisi amefutiwa kosa bila kuliombea msamaha.

Jumatatu ya wiki ya tano alibadilisha plasta alfajiri kama kawaida, akaenda kazini, akafungua mtungi wa kwanza. Sabuni.

Si harufu ya kubahatisha. Sabuni kali, kama mtu amekoroga kipande kizima ndani. Akatazama uso wa mwenyewe: mama mmoja mtaratibu, miaka kumi hajawahi kurudishwa. "Mimina," akasema. Mtungi wa pili, sabuni. Wa tatu, sabuni. Alipofika wa kumi alijua. Watu arobaini hawawezi kukubaliana kutia sabuni kwenye maziwa siku moja. Hata kukubaliana saa ya mkutano huwashinda. Ni yeye. Kuna kitu kimeharibika kichwani mwake. Alichotakiwa kufanya ni kuweka kifuniko chini na kusema, leo sinusi. Maneno mawili. Lakini aliona swali litakalofuata, na swali baada ya hilo, na miaka miwili yote imejipanga nyuma ya swali la tatu. Akaendelea kusema "Mimina" kama kasuku.

Ndipo Mwenyekiti wa wafugaji akapanda jukwaani, tumbo mbele, kalamu sikioni.

"Mama, mbona leo kila mtu anapita? Au ng'ombe wote wameokoka?"

Mstari ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kulikuwa na maneno siku hizo kwamba kwenye vituo vingine wapokeaji hupewa chochote ili wapitishe maziwa mabovu.

"Wamejitahidi," Bi Pua akasema.

"Tuone basi," Mwenyekiti akasema, akasimama ubavuni pake.

Waliofuata kwenye mstari walikuwa wawili. Nyuma alikuwa bwana mmoja mwenye sauti, ambaye ukimrudisha anakutangaza mpaka mji wa pili. Mbele yake alikuwa shemeji yake Bi Pua, mume wa dada yake mkubwa.

Dada alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akamwachia mumewe ng'ombe wawili ambao hakuwahi kuwakamua, na mitungi miwili ambayo hakuwahi kuiosha, na mtu yule mpole, anayeomba radhi hata kwa mlango anapousukuma, alijifunza vyote kimyakimya. Alileta maziwa Jumatatu na Alhamisi tu; siku nyingine yalikwenda kwenye shule jirani na kwake.

Bi Pua alifungua kifuniko chake. Sabuni, kama ya wengine wote, si zaidi, si pungufu. Na hapo, wala hakuchukua muda, kichwa chake kilipiga hesabu ambayo angeikumbuka siku zote. Huyu hatagomba. Na watu watasema, mnaona, hata ndugu yake hampendelei.

"Rudi," akasema.

"Kuna nini, shemeji?"

"Sabuni. Mtungi haukusuuzwa."

Shemeji akatazama ndani ya mtungi, kama mtu aliyetafuta kitu akakikosa. "Samahani, shemeji," akasema. "Nimekuaibisha mbele za watu."

Kijiko cha bluu kikaingia. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika na kushuka. Alhamisi akapanda tena, safari hii na wageni wawili kutoka kiwandani, na maziwa yote yakanuka sabuni tena, na wageni wakataka kuona jinsi mtungi unavyokataliwa. Bi Pua akawaonyesha kwa mtungi wa shemeji yake. Alama ya pili ikapanda ubaoni. Shemeji alibeba maziwa yake ya bluu akaondoka ukutani-ukutani, mtungi mmoja kila mkono, na watu wakampisha kama anayebeba ugonjwa.

Jumapili mchana akabisha hodi nyumbani. Amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi mtungi mpya kabisa, bado una karatasi ya dukani.

"Karibu, shemeji," fundi baiskeli akamwambia. "Unahama?"

"Nimekuja darasani." Akamgeukia Bi Pua, akaweka mtungi chini taratibu. "Shemeji, nifundishe kuosha. Nimejaribu mara nne nne, kumbe bado nakosea. Dada yako alikuwa akiosha mwenyewe, sikuwahi kumwangalia. Najilaumu."

"Na ile ya zamani?" Bi Pua akauliza.

"Ya marehemu? Nimeitoboa ubavuni, nimewawekea kuku maji. Nilidhani imezeeka, imeshika harufu."

Unadhani Bi Pua alisema hapo? Hakusema. Alichukua brashi. Alichemsha maji, akapiga magoti uani, akamfundisha mtu yule kuosha mtungi ambao haukuwa mchafu: suuza ya baridi kwanza, kisha ya moto, brashi kwenye shingo, kifuniko upande wa ndani, uinamishe juani. Shemeji alirudia kila hatua kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi aliacha baiskeli yake akawa anawatazama. Miaka ishirini na tisa ya ndoa inatosha kumjulisha mtu mgongo wa mkewe unaposema uongo.

Kisha shemeji akatoa mfukoni kichupa cha maziwa ya asubuhi. "Jaribu haya."

Akanusa. Maziwa. Maziwa safi, matamu, yenye majani ndani yake. Hakuna sabuni hata tone.

"Haya ni mazuri," akasema.

Ungeona mtu yule alivyofurahi. Alimshukuru mara tatu, akamshukuru na fundi, ambaye hakuwa amefanya lolote. Alipoondoka, Bi Pua alibaki amekaa kwenye kigoda akihesabu siku kwenye vidole. Jumatatu sabuni. Alhamisi sabuni. Hata chai ya nyumbani ilinuka siku hizo mbili, akadhani ni kikombe. Siku za plasta mpya.

"Mwambie," fundi akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu.

"Nimwambie nini? Sijui chochote."

"Sawa."

Jumatatu alfajiri aliacha plasta kwenye boksi lake. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu: pua itakuwa safi, shemeji atapita, mwezi utaisha, alama zitafutwa zenyewe, na hakuna mtu atakayeongea na mtu. Na kweli, mtungi wa kwanza ulinuka maziwa. Wa pili maziwa. Wa tisa ulikuwa umechacha kidogo, akaurudisha kwa haki kabisa. Anaweza. Itapita.

Mwenyekiti alikuwepo. "Huyu wa alama mbili," akasema shemeji alipokaribia, "mnuse vizuri. Tatu tunamfuta, sheria haina ndugu."

Shemeji akaweka mitungi yake mipya miwili jukwaani. Iling'aa kama kioo, ungeweza kujinyolea ndevu. Mama mmoja nyuma yake akasema, si kwa kunong'ona, kwamba mwanamume akifiwa hata kijiko kinamwotea ukungu, na watu wakacheka. Shemeji naye akacheka pamoja nao. Kisha akageuka akawaambia:

"Ni kweli, jamani. Nilikuwa mchafu bila kujijua. Lakini shemeji yangu huyu hakunificha. Angenipitisha tu, ni ndugu. Hakunipitisha. Jana kapiga magoti kwake kunifundisha. Watu wa namna hii wako wangapi?"

Bi Pua alikuwa ameshika kifuniko. Alikuwa amebakiza kusema "Mimina," silabi tatu. Akakirudisha kifuniko juu ya mtungi.

"Mwenyekiti," akasema, "mfutie alama zake."

"Hujanusa."

"Zile za zamani. Maziwa yake hayakuwa na sabuni. Sabuni ilikuwa puani kwangu."

"Ulikuwa na mafua?" Mwenyekiti akauliza, kwa wema.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kabisa. Ndiyo, mafua. Neno moja, na kila mtu angeenda nyumbani na heshima yake. Bi Pua alilitazama neno lile, akaliacha.

"Si mafua. Nimekoma hedhi. Daktari kanipa tiba ya homoni, ni plasta. Nikiibadilisha, siku hiyo kila kitu kinanuka sabuni. Jumatatu ile mitungi yote arobaini ilinuka. Wa kwako pia, Mwenyekiti. Nikamrudisha huyu kwa sababu nilijua hatagomba. Na kabla ya plasta nilikuwa sinusi kabisa. Miaka miwili. Nilikuwa nawatazama nyuso."

Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na safari hii halikuwa la umri. Watu arobaini walisimama kimya, wanaume wakitazama buti zao, wanawake wakimtazama yeye. Ukimya ule ulikuwa wa heshima. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alivuta kitambaa akafuta alama mbili ubaoni, polepole, kama anayefuta kidonda. Kijana wa maabara akaitwa anuse badala yake, naye Bi Pua akavua koti jeupe akalikunja. Daktari, alipoambiwa hatimaye, alisema wanawake wengine humweleza habari za pua zao na wengine hawaoni tofauti yoyote. Akambadilishia kipimo cha dawa, akamwambia tungoje tuone. Kituo kikampeleka nyuma, kwenye kuosha matangi, mpaka pua itakapojulikana ina mpango gani.

Na shemeji? Shemeji alimimina maziwa yake, akachukua mitungi mitupu. Alipompita alisema, "Ungeniambia, ningenyamaza nayo." Basi. Wiki sita baada ya hapo hakumwita shemeji. Alimwita mama, kama wanavyomwita wageni, na kila alipoitwa hivyo Bi Pua aliitika, kwa sababu alijua ni haki yake kuitwa hivyo. Wiki ya saba akamwita shemeji, kwa bahati mbaya nadhani, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Na hapo ndipo nilipokuwa nimefikia juzi, nimekaa kwenye benchi la kituo, wafugaji sita wamenizunguka, nawasimulia kama ninavyokusimulia wewe, Bi Pua alipotokea nyuma ya matangi na brashi mkononi. Sikujua alikuwa pale. Mambo yote ya ndani alinieleza mwenyewe, na alikuwa na ruhusa ya kusikiliza.

"Umesema hakuna aliyecheka," akasema.

"Nimesema hivyo?"

"Umesema ukimya ulikuwa wa heshima."

"Ilikuwa zamani kidogo, dada. Kumbukumbu ya mzee..."

"Ya mbwa kukiri unaikumbuka."

Wafugaji wakaanza kunitazama. Nikakohoa. Nikasema, labda alicheka mmoja. Nusu cheko.

"Nani?"

"Mtu mmoja."

"Anafanya kazi gani huyo mtu?"

"Dereva," nikasema.

"Wa?"

"Wa lori la maziwa."

"Na alisema nini, baada ya hiyo nusu?"

Nilitafuta pa kutazama, nikakosa. Shemeji yake alikuwa kwenye mstari, naye ananitazama vilevile, kwa upole wake ule unaouma kuliko kofi. "Aliuliza," nikasema, "plasta yenyewe imebandikwa wapi."

"Na watu?"

"Wakacheka. Karibu wote. Ulikuwa umekaza macho mpaka hapo. Ndipo ulipolia."

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo umesimulia."

Hakunitukana. Alinyosha brashi, akanionyesha kwa kidevu mitungi ya asubuhi iliyopangwa ukutani ikisubiri. Nikamwambia kuhusu mgongo wangu. Akasema mgongo wangu anaujua, kanusa dawa ya kuchulia tangu getini. Basi nikapiga magoti, suuza ya baridi kwanza, kisha ya moto, brashi kwenye shingo. Nilipofika wa ishirini na moja, shemeji alikuja taratibu akaongeza miwili yake mwisho wa mstari.

"Samahani, mzee," akasema. "Na hii."